Shule Niliyoichungulia kwa Mlango wa Jikoni

Mwanaidi binti Athumani, mwanangu,

Nakusalimu sana, ingawa najua salamu zangu hutaziitikia. Ama baada ya salamu hizo, acha nijisifu kidogo, maana ukiona sijajisifu utadhani barua hii nimeandikiwa na mtu. Mimi ndiye mkulima wa kwanza upande huu wa Kwai ambaye kabichi zake zimeliwa na DC mwenyewe. Mpishi wake aliniambia. Hata Bwana Shamba, anayetusumbua na matuta yake, akitaka karoti za nyumbani kwake hupitia kwangu, tena anaongea kwa adabu. Na mwandiko huu unaousoma, uliopinda kama njia ya mbuzi, ni wa mtu aliyeacha masomo darasa la tatu kwa hiari yake. Shule haikuniacha. Mimi ndiye niliyeiacha, ikabaki inalia.

Ungekuwa hapa ungesema, "Baba, shule hailii." Lakini tangu Jumatatu huniambii hata neno kama hilo.

Umekwenda na mama yako kumuaga shangazi yako ng'ambo ya bonde. Mimi nimevuta kigoda mlangoni, nimeweka kipande cha ubao juu ya magoti, naandika. Bibi yako amekaa karibu nami anachambua maharage, ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Unaandika nini mchana kutwa? Unaomba kazi kwa DC?"

"Namwandikia mjukuu wako."

"Si anarudi jioni? Mwambie kwa mdomo."

"Kwa mdomo hanijibu."

"Basi na kwa barua hatakujibu. Ila usisahau kumwandikia habari ya sabuni."

Habari ya sabuni umeambiwa. Kuchana nywele, kutandika kitanda, kutokula vya watu usiowajua, yote hayo mama yako na bibi yako wamekujaza mpaka yanamwagika, na mimi sina la kuongeza. Nataka kukueleza jambo moja tu: kwa nini kesho nakupeleka kwa masista, na si shule ya mabati mekundu anakokwenda rafiki yako Hadija.

Ulichosema Jumatatu nilikisikia. Ulikuwa nyuma ya nyumba na bibi yako, mkidhani nimekwenda shamba. Ulisema, "Baba amenichagulia shule kama anavyochagua mbuzi." Mwanangu, nilicheka. Nilicheka peke yangu nyuma ya ukuta, mkono mdomoni, nikasema moyoni, huyu kweli ni wangu, ulimi huu hakuutoa kwa mama yake. Kisha kicheko kikanikauka, maana ulisema kweli. Nilikwenda kutazama meno. Sasa nikueleze nilivyoyatazama.

Wazazi wengine wakitafuta shule huvaa koti, huingia kwa mlango wa mbele, hupewa kiti, huonyeshwa madawati na ramani, huambiwa kila kitu ni kizuri, wakarudi kwao wameridhika. Baba yake Hadija alifanya hivyo. Alirudi akitusimulia kwamba madirisha yana vioo. Mimi nina bahati ambayo wao hawana, kwa sababu mimi napeleka mboga. Mtu mwenye tenga la kabichi kichwani hafagiliwi uwanja. Anazungukia nyuma, anaingia kwa mlango wa jikoni, na anaikuta shule ilivyo siku isiyo na mgeni.

Lakini kabla hatujafika huko jikoni, lazima nikupitishe kwa Mama Hoza. Usigune. Najua habari hii umeisikia kwa bibi yako, ila bibi yako anaitia chumvi. Pokea ya mwenyewe.

Nilipoacha shule nilikuwa najua kusoma na kuandika, na huku kwetu siku zile wanaojua walikuwa wachache. Nilikuwa kijana, kofia upande, mdomo mrefu kuliko miguu. Siku za soko Lushoto nilikaa kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, watu wakaniletea barua zao, za waume walioko kwenye mkonge na za watoto walioko jeshini. Niliwasomea bure. Watu wakasema, tazameni kijana mwenye moyo. Moyo gani! Nilikuwa napenda kusikilizwa tu. Kina mama wamenizunguka, vijana wenzangu wamesimama nyuma, na mimi nasoma kwa sauti kama mhubiri. Barua ikikosa utamu, niliutia mwenyewe. Mtu kaandika "nawasalimu wote," mimi nasoma "nawasalimu wote, hasa yule mbuzi mweusi." Watu hoi kwa kicheko.

Siku moja Mama Hoza alileta barua ya mumewe, aliyekuwa akikata mkonge upande wa Korogwe. Ilikuwa fupi na kavu. Ilisema mwaka huu haji. Nikaona wenzangu wananitazama, wanangoja. Nikasoma: "Naja Ijumaa. Niandalie kuku."

Nilikusudia kumwambia palepale kwamba natania. Wallahi. Lakini alivyofurahi! Aliichukua barua mkononi mwangu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka mbio mbio kama msichana, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao nikisema nitamwambia kesho. Kesho ikaja, nikasema kesho tena. Ijumaa alichinja kuku. Aliwapaka watoto mafuta, akashuka nao mpaka barabara ya Mombo, wakakaa ukingoni mpaka magari yakaisha.

Soko lililofuata alinijia barazani. Nilijitayarisha kwa matusi, kwa sababu matusi nayaweza. Hakutukana. Alifungua pindo lake, akatoa barua ileile, akaninyooshea.

"Msomaji," akasema, "nisomee tena."

Nikamsomea, kila neno mahali pake. Aliitikia kwa kichwa, akaikunja, akaenda zake. Tangu siku hiyo sijamsomea mtu barua pale barazani. Mpaka leo nikimwona anakuja njiani, shikamoo yangu inamfikia kabla mwenyewe hajanifikia.

Sikuelezi haya ili unihurumie. Mimi bado mzuri, na kabichi zangu bado hazina mfano. Nakueleza kwa sababu siku zile kila mtu alisema Athumani ana akili. Mwalimu alisema, hata zumbe, mkuu wetu wa huku, alisema, na kweli nilikuwa nazo. Kusoma nilifundishwa kwa fimbo, kukaingia. Nifanye nini na huko kusoma, na nisifanye nini, hakuna aliyekaa na mimi tukazungumza. Kwa hiyo ulipofaulu darasa la nne, na mwalimu wako akaja hapa kutuambia Mwanaidi ana akili asiishie hapa, mama yako alipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi ili watu wasinione nilivyoogopa.

Sasa twende jikoni.

Shule ya mabati mekundu nilianza kuipelekea mboga zamani, wewe hujang'oka meno ya utoto. Sisemi ni shule mbaya. Wasichana wa pale Kiingereza kinawatoka kama maji bombani. Hesabu wanajua. Wakipita mjini na viatu vyao vyeupe, hata wauza ndizi huacha kupatana bei wawatazame. Nilikwisha sema moyoni, mtoto wangu atasoma hapa, kisha nikalisema na mdomoni, na ndipo wewe na Hadija mkaanza kupanga mtakavyolala vitanda jirani. Hapo nilikosea. Nilitangaza kabla sijamaliza kutazama.

Mpishi wa pale anaitwa Mzee Mhando, Mzigua wa Handeni. Wazigua na sisi ni watani, hilo hukufundishwa na mtu, umekua nalo. Mtani unamwambia neno ambalo ukimwambia mtu mwingine utalala mahabusu, naye anakurudishia, na hakuna anayekasirika. Siku moja nikitua tenga nikamwambia:

"We Mzigua, hayo ni makande au maji uliyonawia miguu?"

"Bora miguu yangu kuliko kichwa chako, Mshambaa. Hizi kabichi umezipanda au umezizaa? Mmefanana. Majani mengi, ndani hamna kitu."

Tukacheka sana. Wasichana waliokuwa wanachota maji nao wakacheka, nikajiona mfalme. Unanijua nikipata watazamaji.

Juma lililofuata nafika, namsikia msichana mmoja mkubwa, viatu vinang'aa, anaita kutoka dirishani: "Mzee wa maji ya miguu! Chakula tayari?" Wenzake wakaangua kicheko. Huyo hakuwa mtani wa mtu. Alikuwa mtoto, na yule ni mzee wa kumwamkia. Mwalimu mmoja alikuwa anapita na vitabu kwapani. Alisikia. Akatabasamu, akapita.

Nilimtazama Mzee Mhando. Anakoroga sufuria. Nikamtania kidogo ili nimchangamshe, kimya. Nikamtania tena. Akaweka mwiko chini.

"Mtani, leo usinitanie mbele ya hawa. Wameokota."

"Wameokota nini?"

"Maneno yako. Wanayatumia."

Nilichukua tenga tupu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nakuwaza wewe na ulimi huo nilioupa, nikikuona umesimama pale dirishani na viatu vyeupe, una akili, watu wanakucheka... hapana, wanacheka nawe, na hakuna mtu mzima wa kukuita pembeni.

Kwa masista nilikuwa napeleka karoti tu, mara mojamoja. Safari hii nilikwenda na ubaya moyoni. Nilisema, nitawatega. Mpishi wa kule naye ni Mzigua, mama mmoja mnene anaitwa Mama Semeni. Sijui kwa nini wapishi wa mlima huu ni Wazigua. Wenyewe husema Mshambaa hajui kupika ila makande. Nilikuta wasichana wa zamu wamekaa kwenye benchi wanamenya viazi. Nikatua tenga kwa kishindo, nikapaza sauti makusudi:

"Mama Semeni! Nani alikudanganya wewe ni mpishi? Hiki ulichopika hata mbwa wa Mzungu atanusa apite!"

Mama Semeni alivuta pumzi, mkono kiunoni, tayari kunimaliza. Kabla hajafungua mdomo akasimama msichana mmoja mwembamba, kiazi mkono huu, kisu mkono huu. Alitoka Mbulu huko, angejuaje Mshambaa na Mzigua ni watani? Akaweka kisu chini kwanza. Hilo nililipenda. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, naomba samahani. Huyu mama anaamka kabla yetu ili tupate uji. Usimwambie hivyo."

Wenzake waliacha kumenya, na hakuna aliyecheka. Mama Semeni ndiye aliyecheka, mpaka akashika nguzo ya jiko. "Mwanangu wee! Huyu ni mtani wangu! Mwache, nimuue kwa mkono wangu mwenyewe!" Yule mtoto alipofahamu akaona haya, machozi yakamlengalenga, akidhani amemvunjia adabu mtu mzima bure.

Usije ukadhani kule ni kwa malaika. Katika hekaheka hiyo mmoja wao aliniibia karoti mbili, nilimwona, nikamwacha kwa sababu alichagua nzuri.

Kelele zikamtoa Sista Mkuu, Mzungu mrefu, Kiswahili chake kinatembea kwa fimbo lakini kinafika. Akaelezwa. Nikajua sasa mtoto atachapwa au mimi nitafukuzwa, pengine vyote viwili. Sista akamgeukia yule msichana, taratibu.

"Ulijua kwamba wanacheza?"

"Hapana, Sista."

"Sasa unajua?"

"Ndiyo, Sista."

"Vyema. Maliza viazi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Bwana Karoti, ukimaliza njoo darasani. Utatueleza utani ni nini. Wasichana hawajui, na mimi sijui."

Mimi, darasani! Na matope mpaka magotini! Nilinawa bombani, nikaingia. Mwanangu, nilieleza utani siku ile kama nilioutunga mwenyewe. Nilichora Mzigua kwa chaki, na tumbo lake, wakacheka. Kisha wakaanza kuuliza, na hapo ndipo nilipoijua ile shule. Kwetu kuuliza kulikuwa kutafuta fimbo. Mimi darasa la tatu nilimwuliza mwalimu kwa nini maji ya mto hayapandi mlima, akanichapa, nikatokea dirishani na sikurudi. Wale wanauliza, na Sista amekaa dawati la nyuma, magoti yamegonga meza, anasikiliza. Mmoja akauliza utani ulianzaje. Mwingine akauliza kama mwanamke aweza kumtania baba mkwe wake, nikamwambia ajaribu atuletee habari. Kisha yule wa viazi akanyoosha mkono.

"Baba, mtani akikasirika kweli, unajuaje?"

Nikaitazama chaki. Nilimwona Mzee Mhando na mwiko wake. Wale watoto walinyamaza wakaningoja, hakuna aliyenicheka, wala Sista hakunisaidia. Mwishowe mmoja akasema, sauti ya upole yenye uchokozi ndani yake, "Baba, tukupe mpaka Jumatano?" Darasa zima likacheka, nikacheka nami. Basi nikarudi nyumbani nimepewa kazi ya shule na watoto wa rika lako.

Nilikwenda kumwuliza Mzee Mhando mwenyewe. Nilimkuta anachekecha unga. Sikumtania. Nikamwamkia vizuri, nikamwuliza lile swali.

"Anaacha kukujibu," akasema. "Mimi nilikuwa nimenyamaza, wewe unaendelea kusema tu. Ukadhani nimezeeka."

Jumatano nikawapelekea jibu. Sista alilirudia kwa sauti, na yule wa Mbulu akasema, "Ahsante, baba," kama mtu aliyelipwa deni.

Wala usidhani nilitazama adabu peke yake. Niliomba kuona daftari za hesabu, nikazipekua kama ninavyopekua majani ya kabichi nikitafuta wadudu. Zangu mimi zilikuwa zinapigwa mkasi mwekundu wa kosa, basi, nakwenda nyumbani bila kujua nimepotea wapi. Za wale, mwalimu amefuata hesabu mstari kwa mstari mpaka pale mtoto alipopotea, akaandika pembeni, rudi hapa. Na mtoto karudi. Kiingereza wanacho pia. Hakitelezi kama cha mabati mekundu, lakini wanajua wanachosema.

Jambo la dini nililiuliza siku hiyohiyo, maana bibi yako alikwisha kunitangazia: "Akirudi anaitwa Maria, utamwita wewe. Mimi nitamwita Mwanaidi mpaka aitike." Nikamwuliza Sista uso kwa uso, mtambatiza? Akasema, "Sala zetu atazisikia kila siku, siwezi kukuficha. Kumbatiza mtoto wa mtu bila baba yake, hapana. Na mwezi wa Ramadhani waliofunga hupikiwa daku." Nilimpenda kwa lile neno la kwanza. Angeniambia hutasikia chochote, ningebeba karoti zangu. Nilimwambia bibi yako vivyo hivyo. Akanung'unika kwa Kishambaa, lakini asubuhi yake nikamkuta anakushonea ushungi wa kuswalia.

Sasa mwanangu, tangu nianze kuandika nimekuwa nikijichekea, najiona nimekupata, utasoma utasema, loo, kumbe baba ana akili. Lakini nilipoandika lile jibu la Mzee Mhando, kalamu ilisimama. Bibi yako akaniuliza, "Wino umekwisha?" Nikamwambia haujaisha.

Anaacha kukujibu.

Jumatatu nilikutania kwamba unataka viatu vyeupe ili matope ya Kwai yakuone vizuri. Hukujibu. Jumanne nikakuuliza kama ulimi umeupeleka shule kabla yako. Hukujibu. Jana nikaimba wimbo wa uongo kuhusu Hadija mbele ya wageni, wageni wakacheka, wewe ukabeba ndoo ukatoka. Nami nikamwambia mama yako, mtoto amekuwa mkubwa.

Na kuna siku ile niliyokwambia kwamba hutakwenda tena na Hadija. Hukulia. Uliniita baba kwa Kishambaa, kama ulivyokuwa ukiniita ulipokuwa mdogo ukiumia, ukauliza: "Tate, kwa nini?" Kulikuwa na watu. Nikajibu, "Kwa sababu mimi ndiye baba, na kabichi ni zangu." Wakacheka wote. Nilikuwa na majibu yote haya tumboni, Mama Hoza, Mzee Mhando, kiazi na kisu, na nikakupa mzaha. Yule mwalimu wangu alinichapa kwa kuuliza. Mimi nilikuchapa kwa kicheko cha watu. Nimezunguka mlima mzima kutafuta shule ambayo mtoto akiuliza anangojewa, na wewe uliuliza mlangoni kwangu.

Kwa hiyo hili ndilo jibu, limechelewa, nisamehe. Uliuliza swali zuri.

Na kwa kuwa nimeandika hivi, siwezi tena kukuswaga kama mbuzi, ningekuwa nimejiandikia uongo mwenyewe. Hata leo asubuhi, kabla sijashika kalamu, moyo ulikuwa umeanza kunisuta: nilipoaga kwamba napeleka karoti, tenga lilikuwa tupu. Nilikwenda mabati mekundu, safari hii nimevaa koti, nikauliza kama nafasi yako bado ipo. Ipo. Kwa masista nako ipo. Mama yako anajua, na bibi yako nimemwambia sasa hivi. Amesema, "Umerukwa na akili, mtoto mdogo achague?" Kisha akarudia maharage yake, akasema, "Lakini huyo mtoto si mjinga."

Kesho tukishuka, tutafika pale njia inapogawanyika chini ya miti ya yule Mzungu wa ng'ombe. Wewe utatangulia. Mimi nitakuwa nyuma na sanduku lako la bati kichwani, na nitanyamaza. Najua huamini. Nimemwomba mama yako anibane mkono nikianza. Njia ya kulia inapanda kwa masista, ya kushoto inakwenda kwa Hadija. Ninachotaka mimi unakijua, nimekiandika kurasa hizi zote, siwezi kujifanya sina upande. Ukienda kushoto, mwamkie Mzee Mhando kila asubuhi, mbele ya wenzako, kwa sauti, hata kama utakuwa peke yako. Ukienda kulia, usijione umekuwa mwema kwa sababu ya jengo.

Ukitaka kuniuliza kitu usiku wa leo au njiani, uliza, nitakujibu kama mtu anayejibu. Usipotaka, basi. Nitaona mgongo wako ukigeuka, huku au kule, na mimi na sanduku tutageuka nyuma yako.

Ni mimi baba yako, mwenye maneno mengi,
Athumani